Sumu Isiyo na Jina

Katika nchi ya Rungwe, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka na migomba huzunguka kila nyumba, swali la kitu gani kimemwua mtu halikungoja kuja kwa mahakama za Wazungu ndipo liulizwe. Monica Wilson na mumewe Godfrey, wataalamu wa mila waliokaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, waliandika kwamba watu wa huko waliuhesabu uchawi kuwa kitu chenye mwili, chatu akaaye tumboni mwa mchawi. Na kwa kuwa kitu chenye mwili huweza kuonekana kwa macho, walikuwa na desturi ya kumpasua maiti na kutazama ndani ili sababu ya kifo ijulikane. Na palipokuwa na shutuma isiyo na shahidi kulikuwa na mwafi, kinywaji cha sumu kilichonywewa mbele ya watu: aliyekitapika alitoka na heshima yake, na aliyeshindwa kukitapika alihesabiwa kuwa mwenye hatia. Serikali za kikoloni zilikipiga marufuku kiapo hicho.

Msomaji wa leo asifanye haraka ya kucheka. Wazee wale walishika jambo moja la kweli, kwamba kifo huacha athari katika mwili, na kwamba mwenye kuitafuta athari hiyo sharti aufungue mwili atazame. Lililowapotea ni kwamba sumu waliikalisha katika kiti cha kadhi, ikawahukumu watu, ilhali yenyewe haikuhukumiwa na mtu: mwenye tumbo jepesi la kutapika aliokoka, awe mwema au mwovu, na mwenye tumbo gumu aliangamia, awe mwovu au mwema. Taalimu ya sumu kwa ajili ya mahakama, ambayo wenye fani huiita toksikolojia, ilizaliwa siku watu walipoigeuza kesi hiyo, wakaisimamisha sumu kizimbani na kuitaka itaje jina lake, kiasi chake na njia iliyopitia.

Mwaka 1814 tabibu Mathieu Orfila, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca aliyefanya kazi Paris, alianza kuchapisha kitabu chake cha sumu, nacho kikawa msingi wa taalimu hii. Sumu za madini, kama aseniki, zikaanza kupatikana ndani ya maiti kwa njia za kemia; lakini sumu za mimea ziliendelea kujificha, kwa sababu hujichanganya na nyama na mafuta ya mwili hata zisiweze kubaguliwa. Ikatokea katika Ubelgiji mwaka 1850 kwamba bwana mmoja wa ukoo wa kifahari, Bocarmé, alimwua shemeji yake kwa nikotini aliyoikamua mwenyewe katika majani ya tumbaku, naye mkemia Jean Stas, kwa kutumia spiriti, asidi na etha, akaitoa nikotini ile katika viungo vya marehemu na kuidhihirisha mbele ya mahakama. Kawaida aliyoiweka, ingawa imetengenezwa upya mara nyingi, ingali hai katika maabara zote za dunia: kwanza itenge sumu na mwili, kisha uitambue ni nini.

Walakini Stas alikuwa na nafasi ambayo mkemia wa zama zetu aghalabu hanayo. Nikotini ilikuwa imekwisha kujulikana na wakemia kabla haijamfikia shemeji wa Bocarmé. Ilikuwa na jina, na tabia zake zilikuwa zimeandikwa. Dawa za kulevya zinazobuniwa siku hizi, ambazo hutengenezwa na wakemia wasio na insafu, makusudi yake hasa ni kuwa hazina jina. Sheria za dunia, kuanzia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 na ule wa mwaka 1971, zilijengwa juu ya orodha: kila dawa iliyokatazwa imetajwa ilivyo, na ile isiyotajwa haikukatazwa mpaka ije itajwe. Basi mtengenezaji huichukua molekuli iliyokatazwa, akang'oa sehemu yake moja ndogo na kupachika nyingine, mfano wa mwizi wa ng'ombe anayebadilisha alama ya sikio: ng'ombe ni yule yule, na pembe zake ni zile zile, ila mwenye kumtafuta kwa alama hupita karibu naye asimjue. Na tofauti iliyopo ni ya kutisha zaidi, kwa sababu ng'ombe aliyebadilishwa alama haongezeki nguvu, bali molekuli iliyobadilishwa yaweza kuwa na nguvu mara kumi au mara mia kuliko mama yake.

Ajabu ni kwamba nyingi katika sumu hizi zilitokana na ilimu ya halali. Mirungi, mmea unaofahamika sana Afrika ya Mashariki, uliopigwa marufuku Tanzania na kuuzwa kwa halali Kenya, ulichunguzwa na maabara ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1975 ikapatikana ndani yake kathinoni, ambayo ndiyo inayompa mlaji uchangamfu. Nayo huharibika upesi jani likikauka, na hiyo ndiyo sababu wafanyabiashara wa mirungi hukimbizana na saa. Katika ukoo huo wa kathinoni imo mefedroni, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1929 ikasahauliwa vitabuni, kisha ikafufuliwa katika karne hii na kuuzwa kwa vijana wa Ulaya kwa jina la mbolea ya maua, mpaka Uingereza ikaikataza mwaka 2010. Profesa John Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alitengeneza katika miaka ya 1990 jamii kubwa ya molekuli zinazoigusa sehemu ile ile ya ubongo inayoguswa na bangi, naye nia yake ilikuwa kuuelewa ubongo. Lakini mwishoni mwa mwaka 2008 wakemia wa Ujerumani, walipokuwa wakipima vifurushi vya majani vilivyouzwa kama ubani kwa jina la Spice, walikuta kwamba majani yenyewe hayana nguvu yoyote, bali yamenyunyiziwa molekuli ya Huffman. Na nitazini, zilizobuniwa na kampuni ya Ciba ya Uswisi katika miaka ya 1950 ili ziwe dawa za maumivu, ziliwekwa kando kwa kuwa nguvu zake zilipita kiasi cha usalama, zikakaa katika maandishi kwa miaka sitini, mpaka mwaka 2019 zilipoanza kuonekana katika damu ya watu waliokufa Ulaya na Amerika.

Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na dawa za kulevya na uhalifu ilianzisha mwaka 2013 daftari la tahadhari, ambamo maabara za nchi mbalimbali huandika kila dawa mpya wanayokutana nayo. Na tangu hapo majina yaliyoingizwa yamepita 1,200. Hakuna bunge liwezalo kutunga sheria kwa kasi hiyo, wala maabara iwezayo kununua vipimo vya sumu zote hizo.

Mtu wa Rungwe ataweza kusema kwamba hayo ni mashaka ya Ulaya. Lakini bahari yetu imekwisha kuyaonja. Katika visiwa vya Mayotte na Komoro, ambako ndugu zetu wa pwani wana lugha na dini ya karibu na yetu, vijana wamekuwa wakivuta tumbaku iliyonyunyiziwa bangi bandia, wanayoiita chimique. Na Morisi imepigana na balaa hiyo hiyo kwa miaka mingi. Sierra Leone, upande wa magharibi wa bara letu, ilitangaza hali ya hatari mwezi wa Aprili 2024 kwa ajili ya kilevi kiitwacho kush, ambacho uvumi ulisema kinachanganywa na mifupa ya wafu iliyosagwa. Na wataalamu walipopima sampuli zake, walichokikuta ni nitazini na bangi bandia. Uvumi ulitafuta adui makaburini, na huku adui aliingia nchini kwa njia ya biashara.

Na Tanzania nayo ina habari zake. Mwezi wa Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ilikamata katika Dar es Salaam na Iringa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, shehena ambayo haijapata kuonekana nchini kabla ya hapo. Nazo zilifungwa katika mifuko yenye chapa za kahawa na majani ya chai, bidhaa mbili ambazo mkulima wa Rungwe huzitolea jasho kwa halali. Mwaka 2025 Mamlaka hiyo ikatangaza kukamatwa kwa maelfu ya kilo ya mitragyna speciosa, majani ya mti wa Asia ya kusini-mashariki ambayo kiini chake hugusa ubongo mahali pale pale panapoguswa na heroini, na ambayo hayamo katika orodha za mikataba ya kimataifa. Barabara itokayo Uyole hupita Tukuyu katika Rungwe, ikateremka Kyela na kufika Kasumulu, ambako Mto Songwe huitenga Tanzania na Malawi. Na wilaya iliyokaa juu ya njia kama hiyo haiwezi kusema kwamba mambo hayo hayaihusu.

Sasa na tuiangalie kazi yenyewe. Kipimo cha kwanza, ambacho hata hospitali ya wilaya huweza kuwa nacho, ni kijiti kinachochovywa katika mkojo, na ndani ya kijiti hicho mna kingamwili zilizofundishwa kushika molekuli ya umbo fulani: moja hushika masalia ya bangi, nyingine ya heroini, nyingine ya kokeini. Ni rahisi na ni cha haraka, lakini hakijui zaidi ya kilichofundishwa. Kijana aliyevuta bangi bandia na kuanguka kwa degedege atapimwa kwa kijiti cha bangi, na kijiti kitasema hana kitu. Naye aliyemeza nitazini atapimwa kwa kijiti cha heroini, na jawabu litakuwa hilo hilo.

Kipimo cha pili ni cha mashine. Damu au mkojo husafishwa, kisha hupitishwa katika mrija mwembamba mrefu, ukisukumwa na gesi au na kimiminika, na kila kitu kilichomo hutoka mwishoni kwa wakati wake. Na kinapotoka hupigwa kwa nguvu ya umeme kikavunjika vipande, na vipande hupimwa uzito wake kwa udhahiri mkubwa mno. Mpangilio wa vipande hivyo ndio alama ya molekuli, nayo hulinganishwa na maktaba ya alama iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Ikiwa sumu imo katika maktaba, mashine huitaja. Ikiwa haimo, mashine hunyamaza, au hutaja jina la jirani yake na kumpotosha asiye mwangalifu. Hapo ndipo kazi ya utafiti inapoanza: mtaalamu hukisia umbo la molekuli kutokana na uzito wa vipande, kisha hutafuta kiasi kidogo cha molekuli hiyo iliyo safi na yenye shahada ya usafi wake, aipitishe katika mashine ile ile, na ikiwa alama mbili zimelingana, basi sumu imepata jina, wala si kabla ya hapo. Sampuli hizo safi ni ghali, huagizwa kutoka nje, na kwa dawa iliyobuniwa juzi huenda bado hazijatengenezwa na mtu.

Kuna hila nyingine ambayo mwili wenyewe huifanya. Ini huichukua dawa na kuibadilisha, hata katika mkojo huenda ile dawa yenyewe isibaki hata chembe, na kilichobaki ni watoto wake tu. Kwa sababu hiyo watafiti huichukua dawa mpya na kuiweka ndani ya chupa pamoja na chembechembe za ini la binadamu, wakangoja saa kadhaa na kutazama inageuka kuwa nini, ili maabara zote zijue alama gani za kuzitafuta. Na baada ya kufa dawa haitulii: iliyokuwa imejikusanya katika mapafu, ini na misuli ya moyo huvuja ikarudi katika damu ya kifua, hata mtu aliyekunywa kiasi cha kawaida huonekana kana kwamba alikunywa cha kuua. Daktari anayeijua habari hiyo huchukua damu ya mshipa wa paja, ulio mbali na viungo hivyo, na pengine maji ya ndani ya jicho, yaliyojitenga na msukosuko wa mwili; na asiyeijua huweza, kwa nia njema kabisa, kumtia mtu asiye na kosa katika shutuma ya mauaji.

Kwa hiyo haki huanza mbali sana na mashine. Mtu akifa ghafla katika kijiji cha Rungwe, au akifikishwa hospitali ya wilaya ya Makandana akiwa hoi, wa kwanza kuushika ushahidi ni muuguzi, daktari na askari wa polisi. Je, damu imewekwa katika chupa yenye floraidi, ambayo huzuia vijidudu visiile sumu wala kutengeneza pombe mpya? Je, imewekwa mahali pa baridi, kwa kuwa dawa za jamaa ya kathinoni huoza ndani ya damu ya moto kama zinavyooza ndani ya jani? Je, pakiti iliyokutwa mfukoni, au kipande cha sigara, kimehifadhiwa peke yake, kwa maana unga ulio mkavu ni rahisi kutambulika kuliko damu iliyochanganyika? Kutoka Tukuyu sampuli hupelekwa hadi Mbeya, ambako Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, na ikihitaji uchunguzi wa ndani zaidi huendelea hadi Dar es Salaam, katika maabara ambayo asili yake ni mwaka 1895, enzi ya Wajerumani, na ambayo sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2016.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007, iliweka kanuni ambayo mawakili wa nchi nzima huitaja: kwamba pawe na maandishi yanayofuatana, tangu kielelezo kilipokamatwa, kikatunzwa, kikakabidhiwa, kikapimwa, hata kikafikishwa mbele ya hakimu, ili isiwepo shaka kwamba kilichopimwa ndicho kilichokamatwa. Shauri lenyewe halikuwa la dawa za kulevya, ila hakuna mashauri yanayoihitaji kanuni hiyo kuliko haya, kwa sababu unga mweupe hufanana na unga mweupe. Mkemia huandika matokeo yake katika fomu ya DCEA 009. Lakini fomu hiyo, hata ikiwa imejazwa na mtaalamu hodari kuliko wote, haiwezi kuiponya lakiri iliyovunjika njiani au jina lililoandikwa kwa kukosea juu ya chupa. Mahakama za baadaye zimelainisha kanuni hii kwa vielelezo ambavyo si rahisi kubadilishwa; hata hivyo busara ya askari na muuguzi ni kuyaandika yote, kana kwamba watahojiwa kesho.

Wako wanaosema kwamba juhudi yote hii ni ya kuwatafuta wakosaji tu. Sivyo. Jina la sumu ni faida ya mgonjwa kabla ya kuwa faida ya hakimu. Naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini, humsaidia pia aliyezidiwa na nitazini, japo pengine kwa kurudiwa mara kadhaa. Lakini haimfai aliyezidiwa na bangi bandia wala mefedroni, ambaye hutaka tiba nyingine. Daktari wa zamu hangoji majibu ya Dar es Salaam: hutazama mboni za macho, pumzi, joto la mwili na mapigo ya moyo, akatibu anachokiona. Ila akiwa amekwisha kuarifiwa kwamba mwezi huu kilevi fulani kimeingia mkoani, atakuwa na tahadhari ambayo macho pekee hayampi. Waraibu nao wana haki ya kuarifiwa hivyo. Tangu Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni mwaka 2011, na Mbeya ikafuata, watu wengi walioonja machungu ya arosto wamerudi katika kazi na jamaa zao. Na mtu kama huyo, akirubuniwa siku moja kununua kete ambayo ndani yake hamna heroini bali kitu kikali kuliko heroini, anaweza kufa kwa kiasi alichokizoea. Onyo lililotoka maabara na kumfikia kwa wakati lina thamani kuliko hotuba nyingi.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kwa mtu wa kawaida, kwa sababu ipo siku atakabidhiwa karatasi ya maabara inayomhusu ndugu yake. Karatasi ikisema kwamba sumu haikuonekana, maana yake si kwamba sumu haikuwepo; maana yake ni kwamba zile zilizotafutwa hazikuonekana kwa kiasi ambacho kipimo kile kinaweza kukiona. Neno hilo si udhaifu wa mkemia wala hila ya serikali, bali ni uaminifu wa ilimu inayojua mpaka wake, na hapo ndipo inapotengana na kila aina ya uaguzi, kwa kuwa mganga wa ramli hajapata kuandika mwisho wa barua yake mambo ambayo ramli yake haiyaoni. Basi ndugu wa marehemu anayo haki ya kuuliza, kwa adabu na bila ya woga: ni sumu zipi zilizotafutwa, kwa kipimo gani, na je, sampuli iliyobaki imehifadhiwa? Sampuli iliyohifadhiwa vema katika baridi yaweza kupimwa upya mwakani, wakati maktaba itakapokuwa imeongezewa majina ambayo leo hayamo. Na sumu ambayo jana ilimpita mkemia ikiwa haina jina, kesho yaweza kuitwa mbele ya hakimu ikaitika.